Kupima kasoko za Mirihi ukiwa Mombasa: mradi wa jiolojia ya sayari kwa shule ya upili

Kwenye maonyesho ya sayansi ya shule hakukosekani volkeno ya udongo inayotapika povu la siki na magadi. Watoto huipenda, majaji huipita. Haina swali, na kisicho na swali hakina cha kupimwa. Mradi wa jiolojia ya sayari unaofika mbali huwa na swali moja dogo, vipimo vingi vya namna moja, na wanafunzi wanaoweza kueleza kosa la kipimo chao ni la ukubwa gani na limetoka wapi. Ramani za sayari ni za bure. Mwanafunzi wa Likoni au Changamwe hufungua zilezile anazofungua profesa wa Arizona, ili mradi awe na bando na kompyuta isiyokwama.

Mwongozo huu umeandikiwa wanafunzi wawili wanaofanya kazi pamoja. Wawili ni muhimu, na sababu yake itaonekana kwenye upimaji. Swali lenyewe ni hili: je, kasoko za Mirihi, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo, zilizo mbali na ikweta zina kina kidogo kuliko za karibu na ikweta, zikiwa na upana sawa?

Chanzo cha swali ni barafu. Katika latitudo za kati na za juu za Mirihi kuna barafu iliyochanganyika na udongo chini ya uso. Mchanganyiko huo hutambaa polepole mno, kingo za kasoko zikalegea na sakafu ikajaa. Picha za vyombo vya Viking vilivyofika huko mwaka 1976 zilionyesha sura hiyo, na mwaka 1986 Steven Squyres na Michael Carr walichapisha ramani ya maeneo yenye ardhi iliyolainika. Kwa hiyo hamgundui jambo jipya. Mnalijaribu dai linalojulikana kwa sampuli yenu na vipimo vyenu. Semeni hivyo waziwazi mbele ya jaji, maana anayedai ugunduzi asioweza kuutetea hupoteza alama ambazo tayari alikuwa nazo.

Zana

Programu kuu ni JMARS, ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 inatosha. Kila mnaposogeza ramani, vipande vipya huvutwa kutoka kwenye seva, kwa hiyo kwenye saiba yenye intaneti dhaifu mtangoja. Msibonyezebonyeze, mtazidi kuikwamisha. JMARS ikikataa kabisa, Google Earth Pro ya kompyuta ina Mirihi na Mwezi ndani yake, na mwinuko wa mahali kilipo kishale huonekana chini ya dirisha. Mtasoma nukta moja moja na kuziandika kwa mkono. Ni kazi ndefu, lakini data ni halali.

Mnahitaji leya mbili, yaani ramani mbili za kuwekwa juu ya nyingine. Ya kwanza ni mwinuko wa MOLA, kipimaurefu cha leza kilichokuwa kwenye chombo cha Mars Global Surveyor na kupima sayari nzima kati ya 1999 na 2001. Pikseli moja ya ramani yake ni takriban mita 463 kwenye ikweta. Ya pili ni picha za mchana za THEMIS, kamera ya chombo cha Mars Odyssey, pikseli mita 100, za kuangalia hali ya kasoko kabla ya kuipima.

Pikseli hiyo ya mita 463 ndiyo inayoamua ukubwa wa kasoko zenu, na hapo ndipo miradi mingi huvunjika bila wenyewe kujua. Kasoko ya kilomita 3 ina pikseli 6 tu kutoka ukingo hadi ukingo. Ncha ya ukingo hupigwa wastani na ardhi ya pembeni, kina kikapungua kwenye karatasi ilhali kwenye Mirihi hakikupungua. Kasoko ya kilomita 10 ina pikseli zaidi ya 20, na hapo ukingo unasomeka. Kwa hiyo chukueni zenye kipenyo cha kilomita 10 hadi 20 pekee.

Kitu cha tatu ni orodha ya kasoko iliyochapishwa na Stuart Robbins na Brian Hynek mwaka 2012, yenye kasoko 384,343 za kilomita 1 au zaidi, kila moja na latitudo, longitudo na kipenyo chake. Excel ya kisasa na LibreOffice Calc huibeba yote, kwa kuwa zinafika safu 1,048,576. Lakini mkiihifadhi kwa muundo wa zamani wa .xls, kila kilicho chini ya safu ya 65,536 hukatwa. Wekeni .csv au .xlsx. Orodha hiyo ina pia kina cha kasoko nyingi. Kificheni. Mtakitazama mwishoni, kulinganisha na vipimo vyenu.

Kuchagua kasoko bila upendeleo

Nusu ya kaskazini ya Mirihi ni tambarare changa, ya kusini ni nyanda za juu za kale zilizojaa makovu. Mkilinganisha kasoko ya kaskazini na ya kusini, hamtajua kama tofauti imeletwa na barafu au na miamba. Kaeni kusini peke yake, na zaidi ya hapo kaeni kwenye kipande kimoja cha longitudo: kutoka 20° magharibi hadi 40° mashariki. Kipande hicho kinaepuka bonde la Hellas lenye upana wa takriban kilomita 2,300, bonde la Argyre, na mawe ya volkeno ya eneo la Tharsis. Ndani yake chukueni mikanda miwili, 0° hadi 20° kusini na 35° hadi 50° kusini.

Kwenye orodha, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, na magharibi vivyo hivyo. JMARS inaweza kuwaonyesha longitudo kutoka 0 hadi 360 mashariki. Basi kasoko iliyoandikwa −12 kwenye orodha itafutwe kwenye 348. Kosa hili lina dalili yake: mnafika mahali palipotajwa, hakuna kasoko.

Chujeni orodha kwa latitudo, longitudo na kipenyo. Kisha ongezeni safu wima yenye =RAND(), fomula inayotoa nambari za bahati nasibu, nakilini na kubandika kama thamani tupu, halafu pangeni kwa safu hiyo. Msipobandika thamani, nambari hubadilika kila mnapogusa seli na hamtaweza kuonyesha mpangilio wa kwanza. Chukueni kutoka juu hadi mpate kasoko 40 za kila mkanda.

Mtakataa nyingine, na sheria ya kukataa iandikwe daftarini kabla ya kufungua picha hata moja. Hizi zinatosha: kasoko nyingine imeukata ukingo wake; imekaa juu ya ukingo wa kasoko kubwa zaidi; robo ya ukingo au zaidi haionekani. Kila iliyokataliwa iandikwe pamoja na sababu. “Ilionekana mbaya” si sababu. Mkikataa kwa macho tu, mkono wenyewe utachagua zile zinazowapa jibu mnalolitaka, hata mkiwa waaminifu namna gani.

Kipimo chenyewe

Hapa ndipo wawili wanapohitajika. Mmoja anabaki na orodha yenye latitudo. Anazipa kasoko zote 80 namba za siri zilizochanganywa, anaipeleka ramani mahali panapohusika, anafunika sehemu ya skrini inayoonyesha latitudo, halafu anampisha mwenzake apime. Mpimaji asijue yuko mkanda gani. Wengi huona hii ni kujisumbua, lakini kwa maoni yetu hakuna hatua nyingine kwenye mradi huu inayompa jaji sababu kubwa zaidi ya kuwaamini.

Kwa kila kasoko chora mistari minne inayopita katikati: kaskazini–kusini, mashariki–magharibi, na miwili ya mshazari. Kila mstari uzidi ukingo kwa nusu ya kipenyo pande zote mbili. Programu itatoa grafu ya mwinuko, nanyi hifadhini nambari zake. Kwenye kila grafu mtaona vilele viwili vya ukingo, kuta zikishuka, na sakafu. Katikati ya sakafu pengine pana kilima. Kasoko za Mirihi zikizidi takriban kilomita 7 huanza kuwa na kilima cha kati, kwa hiyo msidhani ni hitilafu ya ramani.

Someni hivi. Mwinuko wa ukingo ni wastani wa vilele vyote 8. Kipenyo ni wastani wa umbali 4 kutoka kilele hadi kilele. Mwinuko wa sakafu ni wastani wa sehemu tambarare, kilima cha kati na chini ya ukuta vikiachwa nje. Msichukue nukta ya chini kabisa. Huenda ni kasoko ndogo iliyotoboa sakafu, au pikseli mbovu.

Kwa nini mistari minne? Kasoko iliyokaa kwenye mteremko ina ukingo mmoja ulio juu kuliko mwingine, mara nyingine kwa mamia ya mita. Mstari mmoja hukupa kina cha upande uliobahatika. Na ile sehemu ya ziada nje ya ukingo ndiyo inayowaonyesha kwamba mteremko upo.

Mfano wa kubuni: ukingo −1,420 m, sakafu −2,270 m, kipenyo 13.6 km. Kina ni −1,420 − (−2,270) = 850 m. Uwiano wa kina kwa kipenyo ni 850 ÷ 13,600 = 0.0625. Alama za kutoa huwachanganya watu kila mara. Kwenye Mirihi hakuna bahari, mwinuko huhesabiwa kutoka usawa uliokubaliwa, na sehemu kubwa ya sayari iko chini ya usawa huo. Mkipata kina cha mita 3,690 kwenye kasoko ya kilomita 13, mmejumlisha badala ya kutoa.

Jambo linalosahaulika: uwiano huo hushuka kasoko inavyopanuka, hata pasipo barafu. Kwenye Mwezi, kasoko ndogo changa zina kina cha karibu moja ya tano ya kipenyo, lakini Tycho, yenye upana wa takriban kilomita 85, haifiki moja ya kumi na tano. Kwa hiyo kama mkanda mmoja una kasoko za wastani wa kilomita 12 na mwingine wa kilomita 17, tofauti mtakayoiona ni ya ukubwa, si ya latitudo. Linganisheni wastani wa vipenyo kwanza. Ukitofautiana kwa zaidi ya kilomita 1 hivi, gawanyeni data mafungu mawili, kilomita 10–14 na 14–20, mlinganishe ndani ya kila fungu.

Kasoko moja yenye mistari minne huchukua kama dakika 10 mkishazoea. Themanini ni karibu saa 13 za kazi. Zigawanyeni kwa saa moja moja, kwa sababu macho yakichoka vilele vya ukingo huanza kusogea. Likizo ya Desemba inafaa kuliko usiku wa manane kabla ya mashindano.

Kosa la mkono na kosa la ramani

Chagueni kasoko 10, kila mmoja azipime peke yake bila kuona majibu ya mwenzake. Tofauti kati yenu ndiyo kosa la mkono. Ikiwa mnatofautiana kwa mita 60 kwa wastani, halafu mikanda miwili inatofautiana kwa mita 40, hamna matokeo, na hilo lisemeni. Mkitofautiana sana, karibu kila mara mnagombana juu ya mahali sakafu inapoishia. Kubalianeni sheria moja, iandikeni, rudieni zote 10.

Kosa la ramani ni la hila zaidi. Chombo kilizunguka kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo njia za leza zinakaribiana kwenye ncha na kuachana kwenye ikweta, ambako mapengo ya kilomita kadhaa yalijazwa kwa kukisia kutoka nukta za jirani. Leza ikiukosa ukingo au sehemu ya chini kabisa, kasoko hutoka na kina kidogo kuliko ilivyo. Basi kosa hili linazipunguza zaidi kasoko za ikweta, yaani linavuta kinyume na dai mnalolijaribu. Mkiona bado za ikweta zina kina kikubwa zaidi, ushahidi wenu unazidi kuwa na nguvu. Kuhakikisha, pimeni upya kasoko 10 kwa ramani iliyochanganya MOLA na picha za kamera ya HRSC ya chombo cha Ulaya Mars Express. Pikseli yake ni mita 200.

Kwa hesabu ya mwisho chora kwanza nukta zote 80, kipenyo upande wa mlalo na kina upande wa wima, rangi mbili kwa mikanda miwili. Grafu hiyo moja ni bora kuliko vibao vitano vya wastani. Kisha tumieni T.TEST, fomula ya lahajedwali inayolinganisha wastani wa makundi mawili, kwenye uwiano wa mikanda miwili, pande mbili, aina ya 3. Jibu likiwa chini ya 0.05, tofauti haielezeki kirahisi kwa bahati tu. Haina maana kwamba barafu imethibitishwa. Umri wa kasoko na vumbi lililojaa vinaweza kuleta sura hiyohiyo, na jaji anayejua atauliza.

Karai la mchanga

Majaji hupenda kitu cha kugusa, na jaribio la mchanga ni zuri ili mradi lisidai kuwa Mirihi. Gololi ikidondoka mita 2 hufika kwa takriban mita 6.3 kwa sekunde. Kimondo kikubwa huipiga Mirihi kwa angalau kilomita 5 kwa sekunde, na mwamba unayeyuka. Mchanga wenu unajibu swali moja tu: nishati ikiongezeka, kipenyo huongezeka vipi?

Tafuteni beseni au karai pana la sentimita 50, na debe moja la mchanga, yaani karibu kilo 30. Mchanga wa mto wa duka la vifaa vya ujenzi ni bora kuliko wa ufukweni. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa ya Mombasa hata mkiuanika. Kama hakuna mwingine, usuuzeni kwa maji baridi yasiyo ya bahari mara tatu, na msiuchote kwenye eneo la hifadhi ya bahari. Chekecheni kwa wavu wa dirisha, anikeni juu ya turubai siku nzima mkiugeuza, kisha uhifadhini kwenye ndoo yenye kifuniko. Kujua kama umekauka, pimeni gramu 200, kaangeni kwenye kikaango mkikoroga, pimeni tena. Ukipungua zaidi ya gramu 1, bado. Mchanga wenye unyevu hushikana, kuta za shimo husimama wima na kipenyo hupungua. Dalili yake ni kwamba vipimo vya asubuhi na vya alasiri havilingani.

Gololi za chuma mtazipata kwenye beringi mbovu gereji yoyote. Chukueni ya milimita 20, yenye uzito wa karibu gramu 33, na ya milimita 10, karibu gramu 4. Zipimeni wenyewe kwa mizani ya gramu. Dondosheni kutoka sentimita 25, 50, 100 na 200, mara 8 kila urefu kwa kila gololi. Achieni, msirushe. Feni izimwe. Baada ya kila tone, vurugeni mchanga wote, usawazisheni kwa rula ndefu bila kulitikisa karai. Mkitikisa, punje hujipanga na mchanga hukaza, shimo la pili likawa dogo kuliko la kwanza bila sababu nyingine.

Kipimo ni kutoka kilele cha ukingo hadi kilele, mara mbili kwa pande zinazokatana. Laza tochi ya simu pembeni ili ukingo utupe kivuli, shikilia rula juu yake bila kuugusa. Kina msipime, gololi imekalia sakafu.

Nishati ni uzito kwa kilo × 9.8 × urefu kwa mita. Chora logi ya kipenyo dhidi ya logi ya nishati. Mchanga mkavu ukitii mvuto, mteremko wa mstari hukaribia 0.25, maana yake nishati ikizidishwa mara 16 kipenyo huongezeka mara 2 tu. Mteremko ukielekea 0.33, kushikana kwa mchanga ndiko kunakotawala. Rudini kwenye kikaango.

Mbele ya jaji

Ubao uwe na swali, ramani ya mikanda miwili, grafu moja kubwa ya nukta, na jedwali la makosa. Daftari lenye tarehe, lililoandikwa kwa kalamu pamoja na makosa yaliyofutwa kwa mstari mmoja, liwe mezani. Msitegemee intaneti ya ukumbini. Hifadhini picha za skrini za kasoko angalau 6 na grafu zake.

Maswali mengine hujirudia. “Menengai na Longonot si kasoko za namna hii?” Hapana, hizo ni za volkeno. Afrika ina kasoko halisi za vimondo, kama Bosumtwi ya Ghana yenye upana wa takriban kilomita 10 na Tswaing ya Afrika Kusini ya zaidi kidogo ya kilomita 1, na zinatambulika kwa madini yaliyobadilishwa na mshtuko, ambayo volkeno haiyatengenezi. “Kina hiki tayari kipo kwenye orodha, mmepima ya nini?” Hapo toeni grafu ya vipimo vyenu dhidi ya vya Robbins na Hynek, na mwonyesheni zile kasoko mbili tatu ambazo hamkubaliani nazo, picha ya THEMIS ikiwa kando, ili aone mwenyewe mlisoma sakafu wapi.